Jinsi Mtoto Mdogo Anavyojifunza Kuhesabu

Mtu mzima huhesabu bila kufikiri. Mama wa sokoni akitupa jicho juu ya mafungu yake ya nyanya, hujua mara moja kama fungu moja limepungua. Mpakizi wa lori huhesabu mifuko ya makala huku akizungumza na wenzake. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani ya kuwa kuhesabu ni jambo jepesi, na kwamba mtoto asiyeweza ni mvivu au hana akili. Sivyo. Kuhesabu kumefanyizwa kwa mambo mengi madogo yaliyoshikana, na mtoto hana budi kuyapata yote katika mwaka wake wa kwanza wa shule. Akikosa moja, kosa halitaonekana siku ile. Litaonekana katika darasa la tatu, wakati wa kuzidisha na kugawanya. Hapo watu watasema, "Huyu hesabu hazimwingii," kumbe taabu ilianza miaka miwili nyuma, kwa punje saba za mahindi.

Tazama mtoto wa miaka sita wa Kasomeno. Kasomeno ni mahali pa njiani, katika barabara itokayo Lubumbashi kwenda Kasenga, upande wa mto Luapula. Malori hupita hapo yakipeleka samaki mjini, pamoja na makala ya kupikia bukari ya watu wa Lubumbashi. Mtoto wa mahali kama hapo amesikia namba tangu siku alipozaliwa. Amesikia bei, amesikia idadi ya mifuko, amesikia watu wakibishana juu ya pesa za kurudishiwa. Siku anapoingia shule, mwezi wa Septemba, aweza kuimba moja, mbili, tatu, mpaka kumi, pengine na zaidi. Wazazi wake hufurahi na kusema, "Mtoto wetu anajua kuhesabu."

Mwalimu anamwekea punje saba za mahindi juu ya meza. "Hizi ni ngapi?" Mtoto anaanza kuimba. Kidole chake chaenda polepole, ulimi wake waenda mbio. Punje moja inapata majina mawili, nyingine inarukwa, nyingine inaguswa mara mbili. Mwisho anasema kwa furaha, "Tisa!" Mwalimu anamwambia ahesabu tena, naye mara hii anapata sita. Mtoto haoni ajabu yo yote. Kwake yeye namba ni wimbo, na wimbo waweza kuishia po pote.

Basi jambo la kwanza ni hili: kila kitu kipate neno moja, na kila neno lipate kitu kimoja. Ubao na chaki havifundishi jambo hili. Hufundishwa na mikono. Mwalimu humwambia mtoto asiguse punje tu, bali aisukume kutoka upande wa kushoto kwenda upande wa kuume, na neno litamkwe wakati ule ule punje inapohama. Punje iliyokwisha kuhesabiwa imehama. Isiyohesabiwa bado ipo mahali pake. Hivyo mtoto haoni shaka tena, wala hagusi moja mara mbili.

Wakristo wanaosali Rozari huifanya kazi hii kila siku. Mtu anayesali hahitaji kusema "nne" wala "tano". Chembe moja kwa sala moja, kidole kinasogea, nayo Salamu Maria kumi zinatimia bila kuzidi wala kupungua. Hata bibi asiyejua kusoma wala kuandika hakosei. Wenye kucheza kisolo nao huijua njia hiyo. Anayegawa punje zake katika mashimo hutia moja katika kila shimo, haruki shimo, hatii mbili, na kama akifanya hivyo mwenzake atapiga kelele. Mtoto aliyekaa karibu na kaka zake wakicheza kisolo huja shuleni na mkono uliokwisha kufundishwa nusu ya kazi. Watu wazima wanaouita mchezo huo kupoteza wakati hawajaufikiria vizuri.

Jambo la pili limefichika zaidi. Mtoto sasa anasukuma punje zake vizuri: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Mwalimu anauliza, "Haya, ni ngapi?" Mtoto anaanza tena: moja, mbili, tatu! Akiulizwa tena, atahesabu tena. Au mwalimu anamwambia, "Nipe saba," naye anachukua ile punje ya mwisho peke yake na kumpa. Kwa nini? Kwa sababu yeye anafikiri kwamba "saba" ni jina la punje ile, kama vile kila mtoto darasani ana jina lake. Hajajua kwamba neno la mwisho ni jina la zote pamoja.

Hapo kupiga kelele hakusaidii. Kumpiga mtoto kunaharibu kabisa, kwa kuwa atajifunza kukisia ili asipigwe, na mwenye kukisia ameacha kuhesabu. Mwalimu mwenye busara huzungusha mkono wake juu ya punje zote na kusema, "Saba. Hizi zote ni saba." Kisha huzifunika kwa mkono na kuuliza, "Ziko ngapi chini ya mkono?" Punje hazionekani tena, haziwezi kuhesabiwa tena, na mtoto hana kitu cha kushika ila lile neno la mwisho. Atanyamaza kidogo. Halafu atasema, "Saba." Siku hiyo amepiga hatua kubwa kuliko mtoto aliyekariri mpaka mia.

Liko jambo la tatu, nalo liliwashangaza hata wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1941 Jean Piaget, mtaalamu wa mji wa Geneva katika nchi ya Uswisi, alitoa kitabu pamoja na mwenzake Alina Szeminska juu ya jinsi namba inavyozaliwa katika akili ya mtoto. Waliwapangia watoto safu mbili za vitu, safu moja ikielekeana na nyingine, idadi sawasawa. Mtoto aliulizwa, akajibu kwamba ziko sawa. Kisha vitu vya safu moja vilitawanywa ili safu iwe ndefu, bila kuongezwa hata kimoja. Watoto wadogo wengi walisema kwamba safu ndefu sasa ina vitu vingi zaidi. Mwanafunzi mkubwa anayesoma habari hii aweza kujaribu nyumbani kwa vizibo kumi na viwili vya chupa na mdogo wake wa miaka minne au mitano. Asimcheke. Yeye mwenyewe, alipokuwa na umri ule, huenda alisema vivyo hivyo.

Jambo hili lina maana sana sokoni. Wauzaji wengine huitandaza biashara yao ili ionekane nyingi, na mnunuzi anayetazama ukubwa wa fungu bila kuhesabu hulipa zaidi. Jicho hupenda kudanganywa. Kidole kinachogusa kimoja kimoja hakidanganywi upesi.

Mpaka hapa mtoto hajaandika tarakimu hata moja. Wazazi wengine hulalamika, "Mbona mwezi mzima umepita na daftari ni tupu?" Lakini watu walihesabu maelfu ya miaka kabla ya tarakimu kuwako, na ushahidi mmoja umetoka katika nchi ya Kongo yenyewe. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, mtaalamu Mbelgiji wa mambo ya ardhi, alichimba mahali panapoitwa Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Alipata mfupa mdogo, urefu wake kama sentimeta 10, wenye kipande cha jiwe gumu kwenye ncha. Mfupa huo una umri wa miaka kama 20,000. Juu yake mtu fulani alichanja mikato, si ovyo ovyo, bali kwa mafungu yaliyopangwa katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19. Jumlisha: zapatikana 60. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9, nazo pia ni 60. Safu ya tatu ni 48.

Wataalamu hawajapatana juu ya maana yake. Wengine husema mtu yule alihesabu siku za mwezi wa mbinguni, wengine husema ni hesabu tu. Mfupa wenyewe umewekwa Brussels, katika nyumba ya makumbusho ya viumbe. Lakini hata asiye mtaalamu aweza kuona jambo moja: mkato mmoja kwa kitu kimoja, ni kazi ile ile ya punje za mahindi na chembe za Rozari. Mtoto wa darasa la kwanza anayechora vijistari vitano kwa mbuzi watano anafanya kazi ya watu wa Ishango. Kwa hiyo mwalimu humwacha achore vijistari kwanza. Tarakimu 5 itakuja baadaye, na itakapokuja, mtoto atajua imebeba nini.

Kisha kuna shida ya lugha, ambayo watu wa miji mikubwa huisahau. Nyumba nyingi za upande wa Luapula husema Kibemba au lugha zilizo ndugu zake. Mtoto huja shuleni na maneno ya nyumbani, anapewa maneno ya Kiswahili, na baadaye ya Kifaransa. Ni kama mtu aliyepewa panga tatu siku moja, asijue ashike lipi. Walakini kila panga lina makali yake, na mwalimu anayeyajua maneno hayo huyatumia yote.

Katika Kibemba nane huitwa cine konse konse, na herufi c husomwa kama ch ya Kiswahili. Maana yake ni nne huku na nne huku. Mtoto anyoshe vidole vinne vya mkono wa kushoto na vinne vya mkono wa kuume, na tayari ameona nane kwa macho yake. Neno lenyewe linamwonyesha vidole. Wazee waliolitunga walikuwa wakihesabu kwa mikono, wala hawakuona haya.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Watoto wawili, watatu, wanne, watano. Lakini watoto sita, watoto saba. Halafu wanane, tena tisa na kumi. Kwa nini maneno mengine hubadilika na mengine hukaa vile vile? Sita, saba na tisa yalitoka katika Kiarabu, yakaingia Kiswahili bila kuvaa nguo za Kibantu. Kumi ni la Kibantu, lakini halibadiliki. Mtoto anayesema "mayai masita" hakukosa hesabu. Amekosa sarufi tu, tena kwa kufuata kanuni aliyoisikia katika mayai matano. Mwalimu amsahihishe neno, asimpunguzie maksi za hesabu.

Katika kumi ndipo mlango mkuu ulipo. Mungu amewapa watu vidole kumi, na karibu mataifa yote ya leo huhesabu kwa makumi. Mtoto aliyefika kumi vizuri hana haja ya kujifunza namba mpya mia. Anahitaji kujifunza kufunga. Mwalimu huwapa watoto vijiti, au mabua yaliyokatwa sawasawa, na kamba za magome ya miti. Vijiti kumi hufungwa pamoja, navyo huwa mzigo mmoja. Mzigo mmoja na kijiti kimoja, kumi na moja. Mzigo mmoja na vijiti viwili, kumi na mbili. Hapa Kiswahili kinamsaidia mtoto kuliko Kifaransa. Neno la Kifaransa la kumi na mbili, *douze*, halionyeshi kumi iko wapi wala mbili iko wapi. Mtoto hana la kufanya ila kulikariri. Kiswahili kinasema wazi: kumi, na mbili.

Lakini msaada huo unaishia kumi na tisa. Mizigo miwili katika vitabu huitwa ishirini, mitatu thelathini, mine arobaini, na maneno hayo ya Kiarabu huficha mizigo. Watu wengi wa Katanga wanaposema kwao huita makumi mbili, makumi tatu, makumi ine. Wako walimu wanaowakataza watoto wasiseme hivyo. Ni kweli kwamba ishirini ni neno la kitabu, na mtoto atalihitaji katika kusoma. Walakini kwa ajili ya hesabu, makumi mbili ni neno bora, kwa sababu linasema lile lile ambalo mikono imeshika: makumi, tena mawili. Kibemba husema vivyo hivyo, amakumi yabili. Mwalimu anayeanza kwa makumi mbili, kisha akasema, "Na katika kitabu tunaiita ishirini," amemjengea mtoto daraja. Anayeanza kwa ishirini peke yake amemrusha mtoni.

Sasa tarakimu. Mwanzoni mtoto huandika 1 mpaka 9 bila taabu kubwa, isipokuwa kuzigeuza: 3 hutazama upande usio wake, 6 na 9 hubadilishana kichwa na miguu. Makosa hayo ni ya mkono, nayo huisha kwa mazoezi. Kosa lililo zito ni jingine. Mwalimu anasema, "Andika kumi na mbili." Mtoto mwenye akili nzuri anaandika 102. Watu hucheka. Lakini msikilize: kumi, akaandika 10, na mbili, akaandika 2. Ameandika sawasawa na alivyosikia. Kitu asichokijua ni kwamba katika 12 ile 1 si moja ya kawaida. Ni mzigo. Mahali pake ndipo panapoipa thamani.

Jambo hili la mahali lilichukua karne nyingi hata kwa wenye elimu. Katika Ulaya ya zamani watu waliandika namba kwa herufi za Kirumi, ambazo hazijui mahali. Kuzidisha XXXVIII kwa XXIV ni adhabu. Karibu na mwaka 970 kijana mtawa wa Ufaransa, jina lake Gerbert wa Aurillac, alikwenda kusoma Hispania, upande wa kaskazini, karibu na nchi walizotawala Waarabu. Baadaye alifundisha katika mji wa Reims, akatumia ubao uliopigwa mistari kuwa safu: safu ya mamoja, safu ya makumi, safu ya mamia. Ndani yake aliweka vipande vidogo vyenye alama za tarakimu kutoka 1 mpaka 9. Mahali palipokuwa hapana kitu, aliacha safu tupu. Mwalimu huyo wa hesabu akawa Papa mwaka 999, akaitwa Silvestri wa Pili, akatawala Kanisa mpaka alipofariki mwaka 1003.

Ubao wa Papa Silvestri waweza kutengenezwa leo kwa kuchora mstari mmoja mavumbini. Kushoto mizigo, kulia vijiti vilivyo peke yake. Kumi na mbili: mzigo mmoja kushoto, vijiti viwili kulia. Kisha andika chini yake 1 na 2. Mtoto aliyeandika 102 akiona hayo kwa macho yake mara tatu au nne, huacha kosa lile. Hakuna mafundisho marefu yanayoweza kufanya kazi ya mstari ule mmoja.

Na namba kumi yenyewe? Mzigo mmoja kushoto, kulia hapana kitu. Wahindi ndio waliotunga alama ya pahali patupu, na mwaka 628 mtaalamu wao Brahmagupta aliandika kanuni zake. Waarabu waliiita *sifr*, maana yake tupu. Kutoka neno hilo Waswahili walipata sifuri, na Wazungu, kwa njia ya Italia, walipata zero. Kwa hiyo mtoto wa Katanga anayesema zero na mtoto wa Zanzibar anayesema sifuri husema neno moja lililosafiri kwa njia mbili.

Katika kujumlisha na kutoa, mtoto wa mwaka wa kwanza hutumia vidole. Hapa pana ugomvi wa zamani kati ya walimu. Wengine huwaambia watoto waweke mikono chini ya meza. Basi mtoto huhesabu kwa vidole chini ya meza, au kwa vidole vya miguu ndani ya kandambili, na mwalimu hajui. Vidole ni vitu vya kuhesabia ambavyo havipotei njiani. Havina haja ya kukatazwa. Vitaachwa vyenyewe, siku ambayo kichwa kitakuwa na mwendo kuliko mkono. Kinachofaa ni kumfundisha mtoto asianze kila mara kutoka moja. Akiulizwa tano na tatu, asihesabu tena mkono mzima. Mkono mmoja anaujua ni tano. Aanze hapo: sita, saba, nane.

Na aijue kumi kwa ndani. Tisa na moja, nane na mbili, saba na tatu, sita na nne, tano na tano. Mambo haya matano madogo yana faida kubwa kuliko ukurasa mzima wa hesabu. Mfano ni huu. Mama anauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara, muhindi mmoja faranga 500. Lori linasimama. Abiria anachukua mahindi matatu, anatoa noti ya 5000, na injini inanguruma. Mama yuko nyuma na moto. Mtoto ndiye aliyeshika pesa. Arudishe ngapi? Mtoto wa darasa la kwanza hajafundishwa maelfu. Lakini noti ya 5000 ni sawa na noti kumi za 500. Mahindi matatu yamekula noti tatu. Tatu mpaka kumi ni saba. Anampa noti saba, lori linaondoka, na fedha ni sawasawa. Akimpa nane, mama yake amechoma muhindi mmoja wa bure. Akimpa sita, amemdhulumu msafiri, na lori limekwisha kwenda, kosa haliwezi kurudishwa.

Mtakatifu Yohane Bosco aliijua hatari hiyo. Katika mji wa Turin, Italia, alikusanya vijana maskini, waashi na mafundi wadogo, akawafundisha jioni baada ya kazi. Wakati huo serikali yao ilikuwa imeamuru kwamba, tangu mwanzo wa mwaka 1850, vipimo vya zamani viachwe, watu watumie mita, kilo na lita. Don Bosco aliona kwamba wenye elimu wangezoea upesi, na maskini wangedanganywa. Kwa hiyo mwaka 1849 alichapisha kitabu kidogo kwa ajili ya mafundi na watu wa mashamba, chenye kueleza vipimo vipya kwa maneno mepesi. Lakini hakuanza na mita. Alitanguliza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, kwa kuwa asiyejua hayo hawezi kutumia kipimo cho chote, kipya wala cha zamani. Wana wake Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, wakaanza kazi ya shule katika mji ulioitwa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, kisha wakaenea upande wa Luapula.

Tangu mwaka 2019, serikali ya Kongo ilipoanza kufuta malipo katika shule za msingi za umma, watoto wameongezeka sana madarasani. Ni neema, lakini mwalimu mmoja mbele ya watoto wengi hawezi kuketi na kila mmoja na punje zake. Hapo mwanafunzi mkubwa, ndugu au dada wa nyumbani, ana kazi. Haihitaji kitabu. Jioni, wakati maji yanachemka kwa ajili ya bukari, amwambie mdogo wake alete vikombe, kila mtu wa nyumba kikombe kimoja. Atoe maharagwe kumi, afiche mengine chini ya kikombe, aulize yaliyofichwa ni mangapi. Mdogo akikosea, kikombe kifunuliwe, ahesabu mwenyewe. Asiambiwe jibu upesi, wala asiitwe mjinga. Robo ya saa yatosha. Mtoto wa miaka sita akichoka, hesabu zote hugeuka kuwa wimbo tena.

Mtoto aliyefundishwa hivyo, mwisho wa mwaka, huenda hajui kuimba mpaka mia. Lakini akiambiwa alete vijiti kumi na saba, ataleta mzigo mmoja na vijiti saba, bila kuanza moja. Akiambiwa atoe tisa, atatazama vijiti saba vilivyo peke yake, ataona havitoshi, na mkono wake utakwenda wenyewe kwenye kamba ya mzigo kuifungua. Mizigo kumi ikifungwa pamoja huwa mia moja, na hiyo ni kazi ya darasa la pili.